Rika la Mpira Uliopita: Historia ya Mjomba Lekal

Baba Padre, wazee wetu wa Cirongay, mama zetu wenye nyumba, marika yote mliofika, wachezaji wa zamani mliopanda treni ya alfajiri kutoka Taipei, Tainan na Kaohsiung, na ninyi wanafunzi wa shule ya msingi mliovaa jezi zenu kama kocha wenu alivyotaka, nawasalimu nyote kwa heshima. Mimi naitwa Kolas, mtoto wa Hana, dada wa marehemu, na kwa kuwa kwetu mjomba akiondoka mpwa ndiye husimama kusema habari zake, basi nimesimama, ingawa familia inajua kwamba mimi nikishakishika kipaza sauti kukirudisha ni kazi, nanyi mtanivumilia. Marehemu aliacha agizo kwamba katika historia hii kisifichwe kitu, na kwamba isisomwe kwa sauti ya kuwaliza watu, agizo la kwanza nitalitimiza, la pili nitajitahidi.

Marehemu Lekal Sawmah, ambaye kwenye kitambulisho cha serikali na mgongoni mwa jezi aliitwa Lin Kuang-ming, alizaliwa tarehe 12 Machi 1964 hapa hapa Cirongay, mkoa wa Taitung, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto watatu wa Bibi Sawmah na Babu Kolas, ambaye mimi nimerithi jina lake na, kama wanavyosema wenye wivu, tumbo lake. Babu alikuwa fundi wa majukwaa ya ujenzi huko Kaohsiung na alikuwa akirudi nyumbani kwa mavuno tu, kwa hiyo watoto walilelewa na Bibi, shamba la mpunga na nyati mmoja mkaidi. Bibi Sawmah alikuwa akisimulia kwamba watoto wote huzaliwa wamekunja ngumi lakini huyu alizaliwa viganja wazi, kama anayesubiri kurushiwa kitu, na tulipomwambia kwamba habari hiyo ameanza kuisema baada ya kumwona mwanawe kwenye televisheni, alitujibu, "Nyamazeni nyie, nilimzaa mimi au mlimzaa nyie?"

Mwaka 1970 alianza masomo katika shule yetu ya msingi, ambako alikuwa wa wastani darasani, naomba nisiseme zaidi kwa sababu walimu wake wawili wako hapa, lakini nje ya darasa alikutana na Mwalimu Huang, aliyekuwa na mpira mmoja wa kweli wa besiboli, rungu moja lililofungwa waya, na hamu isiyo na kipimo ya kuishinda shule ya mjini. Uwanja hawakuwa nao, walichezea kwenye sehemu ya mto iliyokauka wakati wa kiangazi, juu ya kokoto, wakiwa wamevaa glavu zilizoshonwa kwa turubai la kuanikia mpunga, na mtoto aliyejifunza kudaka mpira unaoruka ovyo juu ya kokoto, siku akiwekwa kwenye udongo laini wa uwanja anaona kama watu wanamtania. Hapo ndipo Mjomba alipopewa nafasi aliyoishika maisha yake yote, kati ya kituo cha pili na cha tatu, ndani, karibu na mpigaji, mahali ambapo mpira unakufikia kabla hujamaliza kuuogopa. Mwalimu Huang alikuwa na amri moja tu, aliyoipiga kelele hadi wanawake waliokuwa wakifua upande wa pili wa mto wakaikariri, "Chini! Inama chini! Pesa haziokotwi umesimama!"

Mwaka 1976 timu hiyo ya glavu za turubai iliishinda shule ya mjini, ikaenda Taipei, ikarudi na kombe, na kijiji kizima kikaenda kuwapokea stesheni. Baada ya hapo Mjomba alisomeshwa na mikono yake, sekondari huko Taitung mjini kuanzia 1976 hadi 1982, kisha chuo cha michezo Taipei hadi 1986, kisha miaka miwili ya jeshi aliyoitumikia kwenye timu ya jeshi, ambako kwa maelezo yake mwenyewe hakuwahi kushika bunduki kwa muda mrefu kuliko alivyoshika mwiko wa jikoni. Katika miaka hiyo pia aliingizwa kwenye rika lake, Rika la Barabara, lililopewa jina hilo na wazee kwa sababu mwaka wao ndio barabara ya pwani ilitiwa lami, kama vile walivyotanguliwa na Rika la Umeme na Rika la Televisheni, na wenzake wa Barabara wako hapa leo, nawaona, wameshaanza kupasiana tambuu huko nyuma.

Mwaka 1990 nchi yetu ilipoanzisha ligi ya kulipwa, Mjomba alikuwa na miaka ishirini na sita, akasajiliwa na timu ya Kulungu wa Tainan, na ndani ya msimu mmoja akawa mlinzi wa ndani ambaye watu walilipa kiingilio kwenda kumwangalia akidaka, si akipiga, kwa sababu kupiga, tuseme ukweli mbele ya madhabahu, hakukuwa fani yake. Watangazaji walimwita Fagio, kwa jinsi alivyozoa kila kilichopita chini. Mwaka 1991 alipewa tuzo ya mlinzi bora wa ndani, mwaka 1992 akapewa tena na timu yake ikachukua ubingwa, na siku ile ya ubingwa aliuokota mpira kwa mkono mtupu, akiwa ameanguka kwa goti moja, akaurusha bila kuangalia, na ukafika. Sisi huku nyumbani tulikuwa tumejazana kwa Bibi Panay, mama mkwe wake, na mkiona ile picha ya Mjomba ukutani kwake mjue kioo chake kilivunjika usiku ule wa furaha, hakikuvunjwa na kimbunga kama anavyowaambia wageni.

Nimemtaja mama mkwe kabla ya kumtaja mke, na utaratibu wa historia hauruhusu, lakini mnaomjua Bibi Panay mnajua kwamba daima hutangulia. Ilikuwa Julai 1989, kwenye sikukuu ya mavuno, usiku ambao wasichana huwatumbukizia popoo kwenye mkoba vijana wanaowapenda, na mkoba wa Mjomba, kwa kuwa alikuwa ameshaanza kuandikwa magazetini, ulikuwa umefura kama gunia. Akaja binti mmoja mwembamba anaitwa Dongi, akaufungua ule mkoba mbele ya watu wote, akamwaga chini popoo zote za wenzake, akaweka ya kwake moja, akafunga. Mjomba akamuuliza, "Dada, na hawa wengine nitawaambia nini?" naye akajibu, "Waambie mkoba umejaa." Walifunga ndoa katika kanisa hili tarehe 30 Desemba 1989, na kwa desturi yetu Mjomba alihama kwa mama yake akahamia kwa mke wake, akiingia mlangoni na mfuko mmoja wa glavu na viatu, huku Bibi Panay akimkagua toka juu hadi chini na kusema, "Mikono nimeisikia, sasa tuone kama inajua kulima." Mungu aliwabariki watoto watatu, Osay aliyezaliwa 1991, ambaye ni muuguzi, Lisin aliyezaliwa 1993, ambaye ni mwalimu, na Futing aliyezaliwa 2001, mpishi huko Taichung, ambaye hapendi besiboli hata kidogo na baba yake alimpenda hivyo hivyo.

Sasa nafika mahali ambapo ndugu wengine waliniomba nipaharakishe, nami sitaharakisha, kwa sababu marehemu aliniambia, "Kolas, ukiruka hapo nitanyanyuka."

Tarehe 22 Oktoba 1994, mechi ya mwisho ya fainali, Kulungu walikuwa nyumbani Tainan dhidi ya timu ya Korongo, duru ya tisa, ambayo ndiyo ya mwisho, wakiongoza kwa pointi moja, wapinzani wawili wameshatolewa, amebaki mmoja tu ubingwa uwe wetu, ila Korongo walikuwa na wakimbiaji kwenye kituo cha pili na cha tatu. Huku Cirongay nyumba ya Bibi Panay ilikuwa haina pa kukanyaga, na kwa kuwa ushindi ulikuwa umeshaonekana, watu wetu walifanya kosa ambalo hakuna kabila lingine lingelifanya kwa moyo mweupe namna ile, wakamchinja nguruwe kabla mchezo haujaisha. Mpigaji akaugonga mpira ukatoka dhaifu, ukijiburura taratibu kwenda kwa Mjomba, mpira ambao mtoto yeyote mwenye jezi humu kanisani angeuokota huku anapiga miayo, Mjomba akainua kichwa nusu sekunde kabla ya wakati ili aone pa kuurusha, na mpira ukapita katikati ya miguu yake ukaenda zake nyasini. Wakimbiaji wawili wakafika kituo cha nyumbani, pointi mbili. Kulungu wakawa nyuma kwa pointi moja, na zamu yao ya mwisho ya kupiga hawakupata kitu.

Nilikuwepo pale kwa Bibi Panay, nikasikia watu wazima wakilia, wanaume wakatoka nje kwenda kuupigia kelele mlima, na Bibi Panay akasimama mlangoni mwa jikoni na kisu chake akasema, "Nguruwe hana kosa, njooni mle," tukala nyama ya sherehe kama watu waliotoka makaburini. Huko Tainan mashabiki walirusha chupa na masanduku ya chakula, wakalizuia basi la timu, wakaimba wimbo wa treni kupita handakini, ambao mpaka leo mtoto akipitwa na mpira wenzake humwimbia, na magazeti yaliyokuwa yakimwita Fagio yakasema fagio limeisha njiti. Mpanda ngazi hushuka, ndivyo walivyosema waliokuwa wakimwombea ashuke.

Hilo angelivumilia, wachezaji huvumilia mengi. Ila Julai ya mwaka uliofuata, wazee walipokaa kuwapa jina vijana wapya walioingia utu uzima, jina ambalo mtu huitwa nalo kwenye kipaza sauti cha sikukuu hadi anapoingia kaburini, Mzee Ofad, aliyekuwa mkuu wa wazee wakati huo, alisimama akatangaza kwamba vijana hao wataitwa Rika la Mpira Uliopita. Mjomba alikuwa Tainan kwenye msimu, habari akapelekewa kwa simu na mwenzake wa Barabara, ambaye sitamtaja ila amevaa shati la bluu, na mwenzake huyo alikuwa akicheka hadi simu ikamponyoka. Mjomba hakucheka. Alimwambia mkewe, ambaye sisi wapwa humwita Shangazi Dongi, "Barabara walipewa lami, Umeme wakapewa taa, na hawa watoto wa watu wamepewa aibu yangu, wataibeba mpaka wazeeke, na mimi nikishakufa bado itakuwa inacheza ngoma kila Julai."

Tangu siku hiyo hakukanyaga sikukuu. Aliendelea kucheza, maana asiyekubali kushindwa si mshindani, Kulungu walimwacha mwishoni mwa 1996, akachukuliwa na Korongo, ndiyo, hao hao, akawachezea misimu mitatu, akabeba nao ubingwa wa 1998 akiwa na miaka thelathini na minne na goti lililofungwa bendeji, na siku hiyo ya ubingwa alicheka mbele ya kamera kama mtu asiye na deni na mtu. Lakini ikifika Julai alikuwa na sababu, goti, mazoezi, mvua, na Shangazi akawa anacheza na mabinti zake wawili peke yao, na kwenye mduara wa Rika la Barabara pakawa na nafasi ya mtu mmoja ambayo wenzake hawakuiziba, wakawa wanacheza mikono imenyooshwa ili kuifikia ile ya mwenzao wa upande wa pili.

Alistaafu Novemba 1999 akarudi nyumbani, na Julai ya mwaka 2000 ilipofika hakuwa tena na pa kukimbilia isipokuwa mlimani, kwa hiyo asubuhi ya kwanza ya sikukuu alichukua panga akaenda kwenye mianzi ya mama mkwe wake, eti kukata machipukizi, wakati ngoma inasikika mpaka kule. Aliporudi mchana kutafuta maji ya kunywa aliukuta mfuko wake wa glavu umewekwa nje ya mlango. Wageni wetu kutoka mjini huenda hawakuelewa, wenyeji wameshashika vichwa, kwa sababu kwetu nyumba ni ya mwanamke, na mume akikuta mfuko wake nje hahitaji kuambiwa neno. Bibi Panay alikuwa amekaa kizingitini anamenya maharage, wala hakuinua macho, akasema, "Mimi nilileta mwanaume ndani ya nyumba hii, sikuleta panya wa mianzi. Binti yangu amecheza bila mtu miaka mitano. Nenda ngomani, au nenda kwa mama yako."

Mjomba akauliza, "Mama, unanifukuza kwa ajili ya ngoma?"

"Ngoma ndiyo nini? Nakufukuza kwa ajili ya kujificha."

Akautupa ule mfuko begani akashuka nao uwanjani, mtu mzima wa miaka thelathini na sita, bingwa mara mbili, jasho linamtoka, majani ya mianzi kichwani, akapita katikati ya ngoma iliyokuwa imeanza kufifia kwa mshangao, akaenda moja kwa moja kwenye turubai la wazee. Hakusalimia hata, Mungu amsamehe, alisema, "Mzee Ofad, nimekuja kuomba jina la wale vijana libadilishwe, kosa ni langu, mnawabebesha wao." Mzee Ofad akatema tambuu yake, akajifuta, akamjibu, "Jina si langu, nimeshalitoa. Na si lako, hujawahi kupewa. Wenyewe wale pale, kawaombe."

Rika la Mpira Uliopita wakati huo walikuwa na miaka ishirini na mitatu hivi, wametoka jeshini, wengine wametoka kwenye majukwaa ya ujenzi ya Taipei kama babu zao, na mkuu wao alikuwa Mayaw, huyu huyu mnayemwona amekaa safu ya pili. Mjomba akasimama mbele yao akawaambia wachague jina lingine, zuri, atasimama nao mbele ya wazee na atatoa nguruwe mwenyewe. Wakatazamana. Mayaw akasema, "Mjomba, jina tumeshalizoea, ukitaka jina zuri nenda kazae rika lako," na uwanja mzima ukaangua kicheko, wanawake wakapiga vigelegele, na Mjomba akawa amesimama pale na mfuko wake hajui aweke wapi uso.

Ndipo Mayaw akaacha mzaha. Akasema, "Mjomba, wewe hukujiona siku ile. Sisi tulikuwa tumekaa chini mbele ya televisheni, ndio tuliokuwa tunawamiminia wakubwa pombe, wakubwa wakatoka nje kulia, tukabaki sisi na Mzee Ofad. Chupa zilikuwa zinakuangukia. Wenzako wote wameshika viuno, wengine wamevua kofia. Wewe ulikuwa umeinama, glavu iko chini kabisa, unampungia mrushaji mkono, rusha, rusha. Na mpira uliofuata walikupigia wewe tena, mkali kama risasi, ukaruka ukaudaka. Nani mwingine hapa kijijini anaukumbuka huo? Hakuna. Walikuwa nje. Mzee akatuambia, mmemwona? Mpira ukishapita ndio hivyo. Mwaka uliofuata akatupa jina."

Mjomba akauliza kwa sauti ambayo mimi niliyekuwa hatua chache tu niliisikia kwa shida, "Mbona hamkuniambia?"

"Ungekuja ngomani ungeambiwa."

Hapo, ndugu zangu, Lekal Sawmah alilia, akacheka, akalia tena, vyote mbele ya watu, na Rika la Barabara wakamfuata wakamshika wakamtia kwenye ile nafasi yake, akacheza na mfuko mgongoni kwa sababu hakujua tena mahali pa kuupeleka, mpaka Bibi Panay alipopaza sauti kutoka upande wa wanawake, "Lete huo mfuko nyumbani, unauchafua!" na watu wakajua mambo yameisha. Mcheza kwao hutunzwa, na yeye alitunzwa siku zote zilizobaki za sikukuu, wenzake walimnywesha pombe ya mchele kwa kila Julai aliyokosa, Shangazi Dongi akamwangalia tu, na mwaka uliofuata akazaliwa Futing.

Kuanzia Septemba 2001 hadi Juni 2021 marehemu alikuwa kocha wa timu ya shule yetu ya msingi, kazi aliyoipenda kuliko ligi, na aliifanya bila makuu, akiwapikia watoto wali wa kunata kwenye sufuria la nyumbani na kuwashonea glavu zinapofumuka. Wengi aliowafundisha hawakuwa wachezaji, ni madereva, mapadre, mafundi wa simu, mmoja ni daktari aliyemtibu, lakini wanane walifika ligi ya kulipwa na wawili wamevuka bahari, na kila mmoja wao akipitwa na mpira hufanya kitu ambacho watangazaji wa mjini hawakielewi, anacheka kidogo, anainama, glavu chini, anamwita mrushaji. Mkitaka kujua mtoto ametoka Cirongay, mwangalieni baada ya kosa.

Mnamo Agosti 2022 alianza kulalamikia kidonda mdomoni, akakitibu kwa chumvi na ubishi, na alipopelekwa hospitali huko Hualien kwa nguvu na binti yake Osay ilionekana ni saratani ya mdomo, popoo alizokuwa akitafuna zimedai chake, naye akasema mwenyewe mbele ya wanafunzi wake wasije wakaanza kutafuna. Alifanyiwa upasuaji Oktoba mwaka huo, akapata nafuu, sikukuu ya mavuno ya 2023 akacheza amekaa kwenye kiti huku wenzake wa Barabara wakimzunguka na kiti chake, kisha Februari mwaka huu ugonjwa ukarudi, na tarehe 12 Machi, siku aliyotimiza miaka sitini, akaomba kurudi nyumbani. Alifariki tarehe 3 Mei 2024, saa kumi na moja alfajiri, nyumbani kwa mke wake, Shangazi Dongi akiwa amemshika mkono mmoja na Bibi Panay, mwenye miaka themanini na tisa, akiwa ameushika wa pili na kumwambia, "Mikono ilijua kulima, nimekubali." Ameacha mke, watoto watatu, wajukuu wawili, dada, mama mkwe, na wapwa tusiohesabika.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Hualien, ambao walimhudumia kwa upole hata alipokuwa akiwafundisha madaktari vijana jinsi ya kukaa wanapodaka mpira katikati ya wodi. Tunawashukuru majirani mliopika, mliolala kwetu, mliolima shamba letu la mpunga bila kuombwa, tunamshukuru Baba Padre, uongozi wa shule, na wachezaji wa Kulungu na wa Korongo, ambao leo mmekaa benchi moja na mimi nilidhani sitaishi kuliona hilo. Mashabiki kadhaa kutoka Tainan wametuma maua yenye maneno ya kuomba radhi kwa chupa zile, tumeyapokea, yako pale kushoto, na marehemu angewaambia kwamba hawakuwa na shabaha.

Limebaki jambo moja, nami nimeamriwa kulieleza. Kwa desturi mtu hubebwa na rika lake, na wenzake wa Barabara walikuwa wamejiandaa, lakini wiki mbili kabla ya kufariki Mjomba alimwita Mayaw kitandani akamwambia, kwa shida, kwa sababu mdomo ulikuwa umeshachoka, "Mtanibeba nyie." Mayaw akajibu, "Mjomba, wewe mzito," naye akasema, "Ndio maana nakuambia mapema, mfanye mazoezi." Rika la Barabara walinuna siku mbili, wakakubali kutangulia na msalaba. Kisha Mjomba akaongeza sharti, kwamba watakapomnyanyua waliite jina lao kwa sauti kubwa kama wanavyoliita kwenye sikukuu, lote, bila kulipunguza, na mtu akitaka kucheka acheke, kwa maana miaka mitano alilikimbia jina hilo na sasa anataka kutoka nalo mlangoni.

Rika la Mpira Uliopita, simameni, njooni mbele. Mjomba Lekal, wamekuja wote, hata wale wanaofanya kazi melini wameshuka, hata Mayaw ambaye mgongo wake unamuuma na hataki ijulikane, mikono yao iko chini yako, wanaliita jina lao sasa hivi, lisikie vizuri, kisha ulale kwa amani.